Kaye ya Heri na Mbuzi wa Pembe Moja

Victorine alikuwa anatwanga mpunga nyuma ya nyumba yake, kule Lusangi, karibu na mji wa Kasongo. Ilikuwa saa saba ya mchana. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inachemka jikoni. Mume wake, Bulaimu, alikuwa ameketi kivulini akinoa panga la shamba.

Mara binti yao Plamedi akaingia mbio, ametoka shule. Alikuwa na miaka kumi.

"Mama, angalia! Mwalimu ametuazima vitabu. Mimi nimepata cha Ruka Mbuzi!"

Ruka Mbuzi ulikuwa mchezo wa simu. Kasongo nzima iliujua. Wamotari waliucheza juu ya piki-piki zao wakingoja abiria. Wanafunzi waliucheza kwenye simu za kaka zao. Victorine hakuwahi kuuona, kwa sababu simu yake ilikuwa ndogo, ya kubonyeza. Aliujua kwa sauti tu: mlio wa mbuzi, kisha watu kucheka.

Akaweka mchi chini. Akafuta mikono kwenye kitenge. Victorine alikuwa mwaka wa pili katika darasa la kusoma la watu wazima, pale parokia. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa hashibi maandishi. Alisoma makaratasi ya sabuni. Alisoma maneno yaliyoandikwa kwenye malori. Kitabu kizima kilikuwa sikukuu.

"Lete nione," alisema.

Kwenye jalada kulikuwa na mbuzi mweupe. Pembe moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imevunjika katikati. Sikio la kushoto lilikuwa na doa jeusi.

Victorine aliketi chini, pale pale kwenye makapi ya mpunga. Alimtambua mbuzi huyo.

Akafungua kitabu. Akaweka kidole chini ya maneno, akasoma polepole:

"Siku moja kijana Aristote alikuwa ameketi kwenye baraza ya hoteli. Aliona mbuzi akiruka mtaro. Alicheka sana. Hapo hapo mchezo wa Ruka Mbuzi ukazaliwa kichwani mwake."

Alidhani amesoma vibaya. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Maneno hayakubadilika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na foto ya karatasi ya miraba. Karatasi ilikuwa na mashimo meusi yaliyochorwa kwa kalamu ya biki, na mbuzi yule yule katikati. Chini yake waliandika: "Michoro ya kwanza ya Aristote."

"Mwongo," Victorine alisema. Kisha akapiga kelele, hadi kuku wakatawanyika. "Mwongo! Mwongo mkubwa!"

Plamedi aliogopa. "Mama, iko nini?"

Iko nini? Ilikuwa hivi.

Miaka sita nyuma, familia hii iliishi Salamabila. Bulaimu alichimba dhahabu pamoja na wenzake. Victorine aliuza bugali na maharagwe kwa wachimbaji. Walikuwa na mtoto wa kwanza, jina lake Heri. Heri alikuwa na miaka tisa na mbuzi mmoja wa pembe iliyovunjika. Alimwita Kapembe.

Siku moja ya mvua, Kapembe alikata kamba. Heri akamfuata. Alipita mahali ambapo wachimbaji walikuwa wameacha mashimo ya zamani. Shimo moja lilikuwa limejaa maji na majani juu. Mtoto hakuliona.

Baada ya mazishi, Victorine alirudi Lusangi na Plamedi. Bulaimu akawafuata. Watu waliacha kumwita Mama Heri. Walimwita Mama Plamedi, ili wasimuumize.

Katika sanduku la Heri alikuta kaye yake, daftari la hesabu. Kurasa nyingi zilikuwa hazijaandikwa kitu. Victorine hakujua kuandika wakati ule, lakini mkono wake ulijua kuchora. Akachukua biki. Akachora miraba, na mashimo kwenye miraba, na Kapembe katikati. Akatunga mchezo wa kuchezea punje za mahindi. Mbuzi wa mchezo ule hakuruka. Alikuwa na fimbo. Kabla ya kwenda mbele, mchezaji alipiga fimbo chini mara tatu na kusema, "Ardhi, uko hapo?" Akisahau kupiga, mbuzi ameanguka, mchezo umekwisha. Watoto wote wa jirani waliucheza. Hakuna mmoja wao aliyekaribia shimo bila fimbo.

Kisha akaja mgeni, kijana wa mradi fulani, aliyetembelea familia za wachimbaji. Ndiye huyo Aristote. Victorine alimchinjia kuku. Akamwonyesha kaye. Akamweleza habari zote za Heri, mpaka mgeni akatoa machozi. Aristote alipiga foto kaye ile, ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, kazi hii itasaidia watoto wengi," alisema. "Nitarudi."

Hakurudi.

"Mama," Plamedi alisema sasa, kwa sauti ndogo, "kwenye simu mbuzi hana fimbo. Anaruka tu. Hata sisi tunaruka. Kule kwenye mashimo karibu na mto. Mimi naruka mbali kupita wote."

Victorine alimtazama binti yake. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza. Mchezo alioutunga ili watoto wasife, mtu ameugeuza uwafundishe kurukia mashimo! Akamshika Plamedi mabega.

"Ukiruka tena shimo, nitakufunga kamba kama mbuzi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

 Bulaimu alikuwa bado ananoa panga ambalo lilikwisha kuwa kali.

"Baba Plamedi, umesikia hii?"

"Nimesikia. Achia Mungu," alijibu bila kuinua macho. "Kesi na watu wakubwa haina mwisho."

 Victorine alichukua kitabu, akaingia ndani, akatoa kaye ya Heri sandukuni, akaenda moja kwa moja kwa Marie-Thérèse.

Marie-Thérèse alikuwa mwalimu wa darasa la watu wazima. Zamani alikuwa karani wa mahakama kule Kasongo. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Victorine, na watu wote walimwita Mwalimu. Victorine alimkuta anaanua nguo.

"Mwalimu, nipe kiberiti. Nataka kuchoma kitabu hiki mbele ya shule."

"Keti kwanza."

"Siketi!"

"Basi simama, lakini nieleze."

Victorine alieleza akiwa amesimama.  Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Ukikichoma kitabu, umemsaidia mwizi wako," alisema. "Hiki ni ushahidi. Tena ni cha shule, si chako. Nipe. Na kaye nipe pia."

Aliweka kaye na kitabu pamoja kwenye meza. Akatafuta ukurasa wenye mchoro ule ule. Akaangalia muda mrefu. Halafu akavaa miwani na kuangalia tena.

"Mama Plamedi, njoo uone. Hii alama nyekundu ni nini?"

Kwenye foto ya kitabu, chini ya mguu wa mbuzi, kulikuwa na kivuli chekundu, hafifu sana. Victorine aligeuza ukurasa wa kaye. Nyuma yake kulikuwa na hesabu ya Heri ya kugawanya. Mwalimu wake wa Salamabila alikuwa ameisahihisha kwa biki nyekundu, akaandika "Vizuri" na tarehe. Wino ulikuwa umepenya karatasi.

"Ameiba hata 'vizuri' ya mtoto wangu," Victorine alisema. Safari hii hakupiga kelele.

"Ndiyo. Na hiyo 'vizuri' itamfunga," Mwalimu alisema. "Sasa sikiliza. Wazo peke yake hakuna anayeweza kulijengea uzio. Mtu yeyote anaweza kutunga mchezo wa mbuzi na mashimo. Lakini mchoro uliotoka mkononi mwako ni wako. Maneno uliyoyatunga ni yako. Sheria ya nchi yetu inamlinda mtunzi tangu siku anapofanya kazi yake, hata kama hakusoma, hata kama hana ofisi."

"Kama ni yangu, kwa nini iko na jina lake?"

"Kwa sababu siku ya ugomvi watu wanauliza ushahidi, na yeye alijua kwamba huna kalamu. Sasa unayo. Andika barua."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nitasahihisha tu."

Iliwachukua siku tatu. Victorine aliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Barua ilikuwa kwa nyumba ya vitabu iliyochapa kitabu kile, mbali sana, mji mkuu. Mara ya kwanza alijaza matusi ukurasa mzima. Mwalimu aliusoma, akacheka kidogo, akamrudishia.

"Hasira weka. Matusi toa. Andika ulichofanya, siku gani, mbele ya nani. Kisha andika unachotaka."

Akaandika upya. Aliandika jina la mtoto wake. Aliandika kwamba alitaka mambo matatu: jina lake kwenye mchoro, fimbo irudi kwenye mchezo, na uwongo wa baraza ya hoteli utolewe. Jirani wawili waliokuwepo siku ya mgeni waliweka sahihi zao kama mashahidi.

Halafu Victorine na Mwalimu walipanda piki-piki mpaka Kasongo kupiga kopi. Mwenye mashine alisema, "Acha kaye hapa, Mama, uende sokoni. Utaikuta."

"Kaye hii haitoki machoni pangu," Victorine alijibu. Alisimama juu ya mashine mpaka ukurasa wa mwisho.

"Hivyo ndivyo," Mwalimu alisema. "Mtu akitaka ushahidi, mpe kopi. Ya asili ibaki nyumbani."

Walituma barua kwa mtu aliyesafiri kwa ndege. Aliyeipokea kule aliweka sahihi na tarehe kwenye kopi, na kopi ile ikarudi Lusangi.

Mwezi ukapita. Kisha simu ndogo ya Victorine ikalia shambani.

"Mama Victorine? Ni Aristote."

Victorine aliachia jembe. "Sema."

"Mama, tusigombane. Wewe ulichora kidogo tu. Mimi nilifanya kazi ya miaka miwili. Wale wa vitabu waliniambia, hadithi ya watoto haipendi msiba. Watoto wanataka kucheka."

"Mutoto wangu alikufa, wewe ukasema ulicheka?"

Victorine hakumngoja.

"Nilikupikia kuku. Ulilia nyumbani kwangu. Machozi yale yalikuwa ya nini?"

"Mama..."

"Watoto wa hapa wanaruka mashimo kwa sababu ya mbuzi wako. Akianguka mmoja, jina gani litaandikwa? Langu ao lako?"

Akakata simu. 

Baada ya wiki mbili, motari alileta katoni moja kutoka kwa wale wa vitabu. Ndani mlikuwa na fulana zenye mbuzi, mpira mmoja, na karatasi ya Kifaransa ya kutia sahihi. Plamedi alishika fulana moja, akaitupa mara moja alipoona uso wa mama yake.

Bulaimu alichukua karatasi. "Tia sahihi, Mama Plamedi. Tumalize."

"Umeisoma?"

"Sijui Kifaransa."

"Hata mimi. Kwa hiyo hapana."

Alimpelekea Mwalimu. Mwalimu alisoma, akatafsiri neno kwa neno: "Mimi, Victorine, nakubali kwamba mchezo huu ni wa zamani, wa watu wote, na kwamba sikuchora kitu."

Victorine alirudi nyumbani akikanyaga chini kana kwamba njia ilimkosea. Aliweka karatasi mbele ya mume wake.

"Ulitaka nikane mutoto wangu kwa fulana! Unaogopa nini, Bulaimu? Tangu siku ya kitabu umekuwa bubu. Unaogopa nini?"

Bulaimu aliinamisha kichwa. 

"Wakiandika ukweli," alisema mwishowe, "wataandika na shimo. Watu watauliza, shimo lilikuwa la nani."

Victorine alijua. Alikuwa anajua miaka sita. Lilikuwa shimo la Bulaimu na wenzake. Walilichimba, hawakupata dhahabu, wakahamia pengine. Hakuna aliyelifukia. Hakuna aliyeweka hata mti juu yake. Neno hilo halikuwahi kutajwa katika nyumba yao. Liliketi nao wakila. Lililala nao.

"Nina hasira na Aristote," Victorine alisema polepole. "Lakini iko hasira nyingine, ya zamani. Ni juu yako. Sikukuambia, kwa sababu niliona unakufa pole pole."

"Niambie sasa."

"Kwa nini hamukulifukia?"

"Ilikuwa kazi ya saa mbili," Bulaimu alisema. "Tulisema kesho."

Akalia. Victorine hakumfuta machozi. Hakuondoka pia. Aliketi karibu naye mpaka alipomaliza.

"Mama Heri," Bulaimu alisema. Miaka sita hakuwa amemwita hivyo. "Andika. Andika na shimo lilikuwa la nani. Labda baba mwingine atasoma, hatasema kesho."

Barua ya pili ilikuwa fupi, na kali kuliko ya kwanza. Bulaimu alichovya kidole kwenye wino, akakiweka chini yake kama sahihi. Mwalimu aliwapeleka kwa avoka mmoja, wakili wa Kasongo, mama aliyesaidia wanawake bila kuwadai. Avoka alitazama kaye, akatazama foto ya kitabu, akaona wino mwekundu. Akaongeza barua yake juu ya ya Victorine.

Wale wa vitabu waliona wino ule pia. Hawakutuma fulana tena. Walituma mkataba, sasa kwa Kiswahili, kwa sababu Victorine alidai hivyo. Aliusoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Mahali pamoja waliandika kwamba yeye "alisaidia."

"Hapa," alimwambia avoka. "Sikusaidia mutu. Nilitunga. Wabadilishe."

Wakabadilisha. Ndipo akaandika jina lake, herufi moja moja.

Mambo hayakwisha siku moja. Vitabu vya zamani viliondolewa shuleni baada ya miezi mingi. Kwenye simu, mbuzi alipewa fimbo, na mchezaji asiyepiga chini mara tatu akawa anaanguka. Sehemu ya Victorine katika mapato iliandikwa kwenye mkataba, na inamfikia. Lakini kitu ambacho watu wa Lusangi walikiona kwa macho ni hiki: Bulaimu alikusanya wachimbaji wa zamani, wakachukua masepeto, wakaenda kwenye mashimo ya karibu na mto. Yaliyofukika waliyafukia. Yaliyowashinda waliyazungushia miti na miiba. Kila Jumamosi wanarudi kuangalia. Hawaachi shimo mpaka kesho.

Na katika darasa la Mwalimu Marie-Thérèse, somo la kwanza limebadilika. Mwanafunzi mpya hujifunza kuandika jina lake na tarehe. Kisha Mwalimu humwuliza: "Nyumbani unafanya nini kwa mkono wako?" Mama anayesuka mikeka kwa nakshi zake huzichora kwenye kaye. Mzee anayetunga nyimbo za ngoma huziandika. Chini huweka jina na tarehe, na jirani huweka sahihi.

Kitabu kipya kilifika mwanzo wa mwaka wa shule. Aristote mwenyewe ndiye aliyekileta, juu ya piki-piki, amejaa vumbi. Sharti la kukileta mwenyewe halikuwa la avoka. Lilikuwa la Victorine.

Alimpokea katika uwanja wa shule. Hakumpikia kuku. Watoto walikuwa wamekaa chini, darasa zote, na wazazi nyuma yao. Bulaimu alikuwa amesimama pembeni na Plamedi.

"Mama, naomba msamaha," Aristote alisema kwa sauti ya chini.

"Usiniambie mimi peke yangu. Fungua ukurasa wa kwanza, usome."

Aristote akafungua. 

"'Mchezo huu ulitungwa Lusangi na Mama Victorine,'" alisoma. "'Mtoto wake alikuwa na mbuzi wa pembe moja. Mtoto alianguka katika shimo ambalo baba yake na wenzake walichimba, wasilifukie. Mama alichora mchezo huu katika kaye ya mtoto, ili mtoto mwingine asianguke. Mtoto huyo aliitwa...'"

 Akakohoa. Jina alilisema kwa shida, haraka, akiangalia chini.

 Aristote alitaka kufunga kitabu.

"Soma tena," Victorine alimwambia. "Wale wa nyuma hawakusikia."